TAHADHARI: Gasketi ya injini ya 4D33 niliyouziwa mtaa wa Gerezani, Dar, ndani ya boksi la orijino

Ndugu zangu wenye Canter na Fuso, hasa nyie tunaoshusha nyanya pamoja, someni hili kabla hamjatuma mtu Dar kuchukua gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya hedi na bloku ya injini. Nimekaa nalo wiki mbili kwa aibu. Mke wangu ndiye aliyenisukuma, akasema nikinyamaza yule kijana wa dukani atamfanyia mwenzangu, na mwenzangu huyo atakuwa amekopa kama nilivyokopa mimi.

Habari ya gari yangu kuharibikia mlima Kitonga mwezi wa tatu mnaijua, wengine ndio mlionivuta, sirudii. Hedi ilikwenda mashine Iringa, ikasawazishwa uso, ikapimwa nyufa, ikaonekana nzima. Imebaki gasketi tu. Fundi akaniambia, mzee, kwa hii gari nenda Dar mwenyewe, usiagize. Nikaenda mwenyewe. Nikabeba na gasketi ya zamani katikati ya maboksi mawili ili nisije nikapewa isiyo yake. Nikalala kwa shemeji Tandika, saa tatu asubuhi nipo Gerezani.

Jina la duka silitaji hapa, liko kwenye maelezo niliyoandikisha polisi.

Nataka mjue jinsi ilivyokuwa, maana najua kuna watu wanasema huyu mzee na umri wote huu kaibiwaje. Kijana alinipokea kwa shikamoo, akanipa kiti na maji. Ovaroli imefuliwa, lakini kucha zina grisi, yaani mtu wa kazi. Sijafungua hata mzigo wangu akaniuliza: "Baba, ni 32 au 33?" Nikamwambia 33. Akachukua kalipa akapima matundu ya silinda kwenye gasketi yangu, yote manne, akanionyesha: 108 na ushee. Akasema, "Ni 33 kweli. Wengi wanakuja hapa wanasema Canter tu, basi. Ukimpa ya 4D32, silinda yake ni milimita 104, pete inachungulia ndani ya silinda ya 108, inaungua siku hiyohiyo." Haya, mtu anayekwambia maneno hayo, tena ya kweli tupu, wewe ungemshuku kwa lipi?

Hakuishia hapo. Nikamuuliza bei ya ile iliyoning'inia ukutani, akasema 45,000, halafu akaishusha akaikunja kona mbele ya macho yangu. Ikakunjika kama boksi la viatu na haikurudi. "Baba, hii sikuuzii. Ukipakia tani nne ukapanda nayo mlima, utarudi kunilaani." Alikataa pesa yangu! Mfanyabiashara amekataa kuniuzia kitu, mimi nikajisemea moyoni, huyu kalelewa.

Ndipo akafungua kabati la kioo akatoa ile yenyewe. Nzito. Uso wake mweusi, laini, unaacha alama kidogo kidoleni. Zile pete zinazozunguka silinda, zinazokabiliana na moto, zinang'aa, ngumu, zimekunjwa vizuri bila makunyanzi. Pembeni kwenye bati kuna namba ya spea inayoanza na ME, imegongwa ikazama. Nilipitisha ukucha wangu pale, ukucha ukakwama kwenye herufi. Mpaka leo nausikia ule ukucha ukikwama. Akaiweka juu ya gasketi yangu ya zamani, akazishika pamoja akaziinua kuelekea mlangoni kwenye mwanga: matundu ya boliti yanapitisha mwanga, ya maji yanapitisha, la oili linapitisha. Hakuna hata moja lililozibwa. Alianza na 220,000, tukafika 180,000.

Sasa hapa. Naomba muelewe hapa.

Akasema: "Hii ni ya maonyesho, imeshikwa na watu wengi, jasho la mikono linaharibu huu weusi. Ngoja nikuletee ambayo haijaguswa." Akapita mlango wa nyuma. Dakika tatu hazikufika. Akarudi na boksi jipya, limevishwa nailoni, lina stika inayometameta ukiligeuza, na namba kwenye lebo ni ileile ya ME niliyotoka kuisoma. Nikaweka mkono kwenye nailoni nifungue. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, kwa adabu kabisa: "Baba, usifungulie hapa. Vumbi la hapa unaliona. Punje moja ya mchanga ikikaa chini ya hedi, kazi yote imeharibika. Fungua siku ya kufunga, hedi ikiwa tayari." Na hilo la mchanga nalo ni kweli! Fundi yeyote atakwambia hivyo. Akachukua boksi kubwa na gamutepu, akazungushia na kuzungushia mpaka lebo haionekani, eti isipinde kwenye basi. Mimi nikamshikia kona akate gamutepu vizuri.

Nikalipa. Natoka, nimefika kwenye mtaro wa barabara, nasikia "Baba! Baba!" Ananikimbilia, mkononi ana noti ya 10,000, eti nimezidisha kuhesabu. Alinirudishia 10,000 yangu ili anywe 180,000. Njia nzima mpaka Iringa nilikuwa namsimulia abiria niliyekaa naye kwamba Gerezani bado kuna vijana waaminifu.

Jumamosi jioni tukafungua kwa fundi. Fundi alikuwa amemaliza yake: uso wa bloku umesafishwa, amelaza rula ya chuma kwenye hedi na kupitisha fila geji, vile vibati vya kupimia uwazi, kila upande, matundu ya boliti amepuliza hewa. Akaitoa gasketi kwenye nailoni, akaipima mkononi, akaigeuza, akanyamaza. Akasema: "Mzee, mbona nyepesi hii?" Nikamwonyesha boksi, nikamwonyesha stika. Akairudisha kwenye mwanga wa taa, akasema tena, "Tungeipumzisha mpaka Jumatatu nimuulize mwenzangu." Mimi ndiye niliyesema funga. Nilikuwa na mzigo wa Jumanne, nina deni la kikoba, na nilikuwa nimeishika ile ya dukani kwa mikono yangu, nikaona fundi ananichelewesha. Kwa hiyo wale mnaosema fundi ndiye aliyeharibu, naomba mkome. Alikaza boliti kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya kupimia, mimi nimeshika taa. Neno la kwanza la tahadhari alilisema yeye, nikalizima mimi.

Jumanne tukapakia matenga 90 Ilula. Tukashuka Kitonga salama, Ruaha Mbuyuni tukanywa chai. Tumeanza milima ya Iyovi, geji ikaanza kupanda. Nikasimama nikaacha ipoe, nikaongeza maji, nikaondoka, haikumaliza kilometa mbili. Hosi ya juu ya rejeta ngumu kama mti. Moshi mweupe nyuma. Nikangoja ipoe kabisa, nikafungua kifuniko cha rejeta, utingo akapiga stati: maji yakatoa mapovu kama sufuria ya uji, maana upepo wa silinda umeshaingia kwenye njia ya maji. Nikavuta kijiti cha oili, oili imekuwa chai ya maziwa, yaani maji yameingia. Nikakaa chini pale barabarani. Utingo hajawahi kuniona nikilia, siku ile ameniona.

Nyanya zilikuwa za mama wa watu. Kufaulisha mzigo kulichukua mpaka kesho yake mchana, zilipofika soko la Ilala zaidi ya nusu zilikuwa zinavuja. Nimelipa sehemu, nyingine nadaiwa. Brekidauni kurudi Iringa sitaki hata kuikumbuka.

Tulipoinua hedi, kati ya silinda ya pili na ya tatu pete imeliwa, hamna kitu, pameachwa mfereji mweusi. Ile pete ilikuwa kijibati chembamba, ukikikwangua kwa bisibisi kinachanika. Mwili wenyewe ni karatasi ngumu iliyopakwa rangi nyeusi, imelowa, inamenyeka tabaka kwa tabaka. Na ile namba ya ME? Fundi alichovya kitambaa kwenye dizeli akapangusa mara moja. Ikafutika. Ilikuwa wino! Ilikuwa dada yake na ile ya 45,000 aliyoikunja mbele yangu akasema hawezi kuniuzia. Hedi nayo imepasuka kati ya valvu za silinda ya tatu, na iliyotumika nimetajiwa 1,200,000.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche jamani. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na mbano huo unakalia ile pete usiku na mchana. Anayekuwekea kijibati pale anajua kabisa anachofanya, tena huyu alinieleza mwenyewe inavyoungua. Siyo kwamba hakujua. Alijua kuliko mimi.

Nimempigia, namba haipatikani. Nikamtuma mpwa wangu dukani, akakuta kijana mwingine, akamwambia hapa hatumjui huyo mtu, na gasketi ikishafungwa hairudishwi. Risiti? Ndiyo, mtaniuliza risiti. Alisema mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, haina mtandao, akaniandikia kikaratasi kwa kalamu, hakina jina la duka wala muhuri, kimeandikwa "gasket 1pc". Nilikiona, nikakikunja nikaweka mfukoni. Mtu anayekataa kukupa risiti ya EFD kwa kitu cha 180,000 anajua kwa nini anakataa.

Huyu mtu afungwe. Sisemi alipishwe faini, faini ataitoa kwenye gasketi kumi za wajinga wengine kama mimi. Afungwe. Duka lipigwe kufuli na ule mlango wa nyuma ufunguliwe tuone kuna maboksi mangapi na stika ngapi zinazometameta. FCC, yaani Tume ya Ushindani, wana mamlaka ya kukamata bidhaa bandia, barua yangu nimeshaandika, na nawaomba wenzangu mliouziwa kitu kama hiki mwandike na nyie, barua moja haina uzito. Gari ya mizigo ikizimika mlimani usiku na basi liko nyuma yake, anayekufa siyo yeye, yeye yuko kwenye kivuli anamwambia mzee mwingine shikamoo. Watoto wake wanakula nyanya za yule mama. Nimeshindwa kumsamehe na sijaribu.

Mnaokwenda wiki hii, kwa kifupi: lipia ileile uliyoishika. Akisema ya maonyesho, mwambie nataka hiyohiyo yenye jasho, jasho linafutika. Kama ni ya ndani ya boksi, ifunguliwe kaunta, uishike na ile ya zamani upande wa pili, uzito utausikia. Namba ipitishie ukucha, na kitambaa chenye dizeli kidogo. Stika ni karatasi, inachapishwa. Wenye Land Cruiser za injini ya 1HZ muwe macho zaidi, maana gasketi zenu zina alama ya unene, kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, sasa kama alama yenyewe ni ya wino utajuaje umepewa ipi? Na fundi akisema nyepesi, isifungwe. Hata kama mzigo ni wa kesho. Mengine nitaongeza nikikumbuka, leo nina hasira, nimeandika huku mikono inatetemeka.

Gasketi sijaitupa. Ipo gereji kwa fundi, kwenye msumari, na kikaratasi chake nimekibana hapohapo. Anayetaka kuishika aje kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo naipeleka polisi kama ushahidi, na mpwa wangu atakuwepo kutoa maelezo yake.