Lenzi za kamera ya telemeta kwa mpiga picha wa Lubumbashi: ipi ianze, ipi isubiri

Kwenye kamera nyingi za dijitali unatazama kupitia lenzi yenyewe, na lenzi ikikosea unaona hapo hapo. Kamera ya telemeta haiko hivyo. Unatazama kupitia dirisha la pembeni, na kigurudumu kidogo kilicho ndani ya mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, ndicho kinachopima lenzi imesogea kiasi gani. Lenzi ikipotoka kwa sehemu chache za mia ya milimita, vivuli viwili vya dirishani, unavyovilinganisha ili kuweka fokasi, vitakutana vizuri kabisa, lakini kwenye picha jicho la bibi harusi litakuwa na ukungu na hereni yake ndiyo itakayoonekana wazi. Ndiyo maana orodha hii haikufuata umaarufu wa jina. Tumepanga kwa maswali matatu: lenzi inapatana na kamera? Fremu yake, yaani mistari ya mipaka ya picha, inaonekana yote dirishani? Inastahimili jua na vumbi la Lubumbashi, mji ambao lenzi mbovu ikishafika ni vigumu mno kuirudisha ilikotoka?

Kamera zinazohusika ni Leica M8 ya 2006, M9 ya 2009, M Typ 240, M10 ya 2017, M11 ya 2022 na, kwa wachache, Epson R-D1 ya 2004. Zote zinatumia mdomo wa M uliotoka na Leica M3 mwaka 1954. Lenzi, au objektifu kama wengi wetu tunavyosema, iliyotengenezwa miaka sitini iliyopita inaweza kuingia. Kuingia tu hakutoshi, tutaliona hilo mbele.

Kabla ya kulipa pesa nyingi kwa f/1.4 (namba ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), fanya hesabu ya jua. Saa saba mchana mwezi wa saba, mbingu bila wingu, ISO 200 (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga): kwenye f/16 unahitaji spidi ya shata ya 1/200 ya sekunde hivi. Fungua hadi f/4, unafika 1/3200. Fungua hadi f/2, unahitaji 1/12800, wakati shata ya M9, ya 240 na ya M10 inaishia 1/4000. Maana yake, mchana wa kiangazi lenzi ya f/1.4 na ya f/2.8 zinafanya kazi ile ile kwenye f/5.6, ila moja ni nzito na ya bei. Ukitaka mandharinyuma yayeyuke juani, nunua filta nyeusi ya ND8, inayopunguza mwanga hatua tatu, yaani mara nane. F/2 inashuka hadi 1/1600 na shata inaimudu.

Usiku ni habari nyingine. Umeme umekatika, sebule ina taa moja ya betri: kwa ISO 3200 na f/2 bado unapata karibu 1/60, na 240 au M10 inaibeba ISO hiyo bila shida. M9 huishia ISO 2500, na wengi hawapendi kuipandisha zaidi ya 1250. Kwa hiyo ni wenye M8, M9 au R-D1 tu wenye hoja ya kweli ya kununua f/1.4.

Ya kwanza: 35 mm f/2

Hapa hatuna ubishi. Fremu ya 35 (namba ya milimita ikiwa ndogo, lenzi huona upana zaidi) inaonekana yote hata kwa anayevaa miwani, na inaacha nafasi pembeni uone nani anaingia kwenye picha kabla hajaingia. Katika soko la Kenya hapa mjini, kwenye kwaya ya Jumapili, kwenye foto ya familia ya watu kumi na wawili iliyobanwa uani, ndiyo inayofanya kazi. Ina faida nyingine: unaweza kupiga bila kuweka fokasi. Weka f/8, sogeza pete hadi mita 3, na kila kilicho kati ya mita 1.9 na 7 kitakuwa wazi vya kutosha. Weka mita 5, na kuanzia mita 2.5 hadi mwisho wa macho kuko sawa. Mtu wa baiskeli au wa pikipiki hakusubiri ulinganishe vivuli.

Chaguo letu ni Voigtländer Ultron 35 mm f/2. Ina gramu 170, filta ya milimita 39, na ikiwa mpya kwa kawaida inauzwa chini ya dola elfu moja. Inasogea karibu hadi mita 0.58, lakini telemeta ya kamera nyingi inaacha kufuata kwenye 0.7, chini ya hapo tumia skrini kama ya kamera yako huonyesha kile lenzi inachokiona, au usijaribu.

Inayofuata ni Zeiss Biogon 35 mm f/2 ZM (ZM ni lenzi za Zeiss za mdomo wa M), filta 43. Ni ndefu na inakula kona ndogo ya dirisha, lakini mistari yake imenyooka mno. Anayepiga majengo ya zamani ya katikati ya mji, kuta na madirisha, aichukue hii. Ukiinunua kuukuu, shika pete ya fokasi na uitikise: baadhi ya lenzi za ZM hulegea hapo baada ya miaka, na kuikaza ni kazi ya fundi mwenye vifaa vyake.

Summicron 35 ya Leica ni nzuri, tena sana, na mpya inapita dola 3,000. Tofauti yake na Ultron utaiona kwenye kona za picha kubwa iliyochapishwa. Mteja wa foto za harusi haitazami kona.

Nokton 35 mm f/1.4 ya Voigtländer ni ndogo na ya bei nafuu, na tunaiweka nyuma kwa sababu moja: fokasi yake huhama. Unaweka fokasi kwa usahihi, unafunga tundu hadi f/2.8, na sehemu iliyo wazi inarudi nyuma kidogo. Telemeta haiwezi kukuonyesha hilo. Kwa anayepiga usiku kwenye f/1.4 na mchana kwenye f/8, haisumbui. Katikati ndiko kuna tabu.

Mwenye M8 asome tofauti. Sensa yake, kipande kinachopokea picha mahali pa filamu, ni ndogo, hivyo zidisha kwa 1.33: 35 inakuwa kama 47, na 28 inakuwa kama 37. Kwako ya kwanza ni 28. Tena M8 inaona mwanga wa infraredi, na suti nyeusi ya kitambaa cha sintetiki inatoka zambarau. Kila lenzi inahitaji filta ya kuzuia UV na infraredi, kwa hiyo chagua lenzi zenye kipimo kimoja cha filta, 39 ikiwezekana, la sivyo utanunua filta ile ile mara tatu.

Ya pili: 50 mm f/2

Hii ni ya sura za watu. Kwenye f/2, ukiwa mita moja, kina kilicho wazi ni sentimita nne na nusu hivi, nacho kinatosha macho mawili yakikutazama sawasawa. Zeiss Planar 50 mm f/2 ZM ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa pesa yake. Kwa anayenunua kuukuu, Summicron 50 yenye muundo wa 1979 ndiyo Leica tunayoweza kuipendekeza bila kusita: zilitengenezwa nyingi, na muundo wake wa vioo haukubadilishwa kwa miongo kadhaa.

C Sonnar 50 mm f/1.5 ya Zeiss inapendwa kwa sura laini. Fokasi yake huhama kama ya Nokton, na nakala zake hazikurekebishwa zote kwa tundu moja: nyingine ziko sahihi kwenye f/1.5, nyingine kwenye f/2.8. Usiinunue bila kuijaribu kwenye kamera yako mwenyewe.

Ya tatu na ya nne

28 mm ni ya tatu: Elmarit 28 mm f/2.8 ASPH ya Leica kwa wepesi, Biogon 28 mm f/2.8 kwa bei. Wenye miwani watahangaika kuona fremu yake yote. Ya nne ni 90 mm, na hapo f/4 inatosha. Elmar-C 90 mm f/4 ni nyepesi na haidai telemeta usahihi mkubwa. Tele-Elmarit 90 mm f/2.8 nyembamba inavutia kwa bei, lakini vioo vyake vya ndani vinajulikana kwa kupata utando usiosafishika.

Tusizozipendekeza

Jupiter-8 ya Kisovieti inauzwa kwa pesa ndogo na wengi wanaanza nayo. Ilipimwa kwa kiwango kingine, si kile cha Leica, kwa hiyo ikiwa sahihi mbali itakosea karibu, hasa chini ya mita mbili kwenye f/2. Zaidi ya hayo ni ya skurubu ya milimita 39 na inahitaji adapta. Adapta lazima iwe na unene wa milimita 1 kamili. Za bei ya chini hazifiki au zinazidi, na lenzi nzima inapotoka. Ukinunua adapta, sema unataka ya 50, kwa kuwa adapta ndiyo inayoleta fremu dirishani.

Lenzi za 50 mm f/1.1 ziache. 7Artisans wanatoa yao ikiwa na sehemu ya kurekebisha fokasi kwa bisibisi. Ni jambo la busara, na pia linakuambia tatizo liko wapi.

Lenzi pana za zamani, 21 mm na chini, ziliundwa kwa filamu. Kioo cha nyuma kiko karibu mno na sensa, mwanga unafika kando kwa mshazari, na kwenye M9 kingo za picha zinageuka nyekundu ya zambarau. Ukihitaji upana, chukua Super Wide-Heliar 15 mm ya Voigtländer, toleo la tatu, iliyopangwa upya kwa sensa.

Kuikagua kabla ya kulipa

Anayekununulia Johannesburg au Dubai mtumie hatua hizi, na umsihi azifanye dukani, kwani mzigo ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa umeshakuwa wako.

Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, tundu likiwa wazi kabisa. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, iache. Weupe kama pumzi kwenye kioo ni utando. Wakati mwingine unasafishika, wakati mwingine umeshakula kioo. Rangi za upinde ukingoni ni gundi ya vioo inayoachia.

Kisha mbali. Sogeza hadi alama ya ∞ (mwisho wa macho) na utazame kitu kilicho zaidi ya kilomita moja. Hapa kwetu bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, linatosha. Vivuli viwili vikutane pale pete inapogota, si kabla wala si baadaye.

Kisha karibu. Laza rula kwa mshazari wa nyuzi 45, kamera iwe juu ya tripodi, mita moja, tundu wazi. Weka fokasi kwenye alama ya sentimita 15 ya rula, piga. Haribu fokasi, iweke upya, piga tena, mara tano. Picha zote tano zikikosea upande mmoja, kuna kosa la kweli; zikitawanyika, ni jicho lako. Jaribu lenzi nyingine: nayo ikikosea upande ule ule, kamera ndiyo inayohitaji fundi. Rudia kwenye f/2.8 na f/4 kuona kama fokasi inahama.

Madoa meusi angani kwenye f/16 usiyalaumu kwa lenzi. Hayo ni vumbi kwenye sensa, na kiangazi yatakujia kila unapobadilisha lenzi nje. Badilisha ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa, kamera ikiangalia chini. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, toa lenzi kwenye mfuko wa ngozi, uzifunge kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira pamoja na vifuko viwili vya silika vya kunyonya unyevu. Vifuko hivyo vikausheni kwa moto mdogo kila baada ya wiki tatu.