DSFTool: kuitoa ardhi ya X-Plane iwe gridi ya mwinuko

Wadau wa ramani na simuleta, kama unataka milima ya X-Plane (simuleta ya kurusha ndege) uifungue kwenye QGIS (programu ya ramani), DSFTool inafanya hiyo kazi na ni ya bure, inatolewa na Laminar Research wenyewe. Naipa nyota nne.

X-Plane inaikata dunia vipande vya digrii moja kwa moja, kila kipande na faili lake la DSF, Kilimanjaro iko -04+037 ndani ya folda -10+030. Unaandika DSFTool --dsf2text -04+037.dsf kili.txt, inakutolea kwa maandishi pembetatu zote zinazounda ardhi, na kama ni mandhari ya kuanzia X-Plane 10 mara nyingi unapata na faili la elevation.raw pembeni. Hilo raw ndo la kukimbilia jamani, ni gridi ya mwinuko tayari, hakuna haja ya kuanza kuhangaika na pembetatu.

Sasa raw haina koordineti hata moja. Upana na urefu wa gridi (idadi ya nukta) na skeli viko kwenye mstari wa RASTER_DATA ndani ya kili.txt, unavichukua unatengeneza heda fupi (faili dogo la maelezo) afu GDAL, programu ya kugeuza mafaili ya ramani, inakugeuzia iwe GeoTIFF, yaani picha yenye koordineti ndani. Angalia sana hapa: mistari inaanzia kusini kwenda kaskazini, wakati GeoTIFF na HGT (aina nyingine ya faili la mwinuko) kawaida zinaanzia kaskazini, kwa hiyo usipogeuza ramani inakuwa kichwa chini. Kupima ni rahisi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kama digrii 3.07 kusini so lazima ionekane karibu kabisa na ukingo wa juu, ukiiona chini rudi ugeuze. Halafu gusa pale KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), usome kama mita 894 hivi.

Nyota moja nimekata kwa sababu haitoi GeoTIFF moja kwa moja na haina dirisha la kubonyeza, ni komandi tu, mgeni atateseka.

Kingine, ndege inakanyaga pembetatu, sio rasta (ile gridi). Ukitaka ardhi ileile anayoiona rubani itabidi ufuate pembetatu zenyewe, na pale kona ya pembetatu ikiwa na mwinuko -32768, mwinuko wake unausoma kwenye rasta. Na kama shida yako ni mito na mafuriko achana na simuleta kabisa, chukua S04E037 ya SRTM, ile radar iliyorushwa na Endeavour Februari 2000, nayo ni bure na inafika mita 30 hivi, ila kwenye msitu mnene radar inasoma zaidi majani ya juu kuliko udongo.