PRODIGY: mizani ya protini kwa mwenye laptopu ya mtumba

Niko Moshi, nasoma bailojia ya molekuli, na mashine yangu ni laptopu ya mtumba yenye ramu ya giga 4. Nilipopewa kazi ya kukadiria protini mbili zinashikana kwa nguvu kiasi gani, wenzangu walinishauri niige mwendo wa kila atomu ndani ya maji, siku kadhaa, kwenye kompyuta kubwa. Kompyuta kubwa naijua kwa picha. Nikaangukia PRODIGY, programu ya mtandaoni ya kukadiria mshiko wa protini, ya watu wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi.

Wepesi wake unatia shaka. Hulipi, hujisajili. Unaandika msimbo wa herufi na tarakimu nne wa umbo lililoko PDB (hazina ya mtandaoni ya maumbo ya protini), unataja mnyororo upi na upi (yaani protini ipi na ipi ndani ya umbo hilo), unabonyeza, na chai haijapoa jibu limefika. Bando halikustuka. Haiigi mwendo wowote, ndiyo maana. Inahesabu jozi za asidi amino (vipande vinavyounda protini) zilizokaribiana ndani ya angstromu 5.5 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) kutoka protini moja hadi nyingine, inazipanga kwa aina (zenye chaji, zinazopenda maji, zinazoyakimbia), inatazama na uso wa nje usioguswa, kisha inatoa nishati ya mshiko kwa kilokalori: ikizidi kuwa hasi, mshiko ni imara zaidi.

Nilianza na 1BRS, yaani barnase na barstar. Barnase ni kimeng'enya cha bakteria kinachokata RNA. Barstar ndiyo inayokifunga ili bakteria asijiue kwa silaha yake mwenyewe. Chanda na pete hawa: maabara huwapa takriban kilokalori −19 kwa moli. Mimi nikaandika A na E, jibu likawa halieleweki. Dada mmoja wa maabara akachungulia, akacheka: "Mdogo wangu, humo mna jozi tatu. Mwenzake A ni D. Wewe umemwoza mke wa jirani!"

Kwa A na D mambo yalinyooka, ila mshiko ulitoka dhaifu kuliko wa maabara. Hapo ndipo pa kuwa macho. Waundaji wenyewe walipoipima kwa jozi 81 walitangaza kosa la kawaida la kilokalori 1.89. Linaonekana dogo, lakini kwenye nyuzi 25 kila kilokalori 1.36 ni mara kumi kwenye Kd (kiwango cha protini ambapo nusu zimeshikana; kikiwa kidogo, mshiko ni imara), kwa hiyo kosa hilo ni kama mara 24. Ukisomewa Kd ya nanomola 10, ukweli unaweza kuwa 240, au hata chini ya nusu nanomola. Muuza nyama wa Mbuyuni mwenye mizani hiyo asingefika saa nne asubuhi.

Na kile kisanduku cha joto kisikuzuge. Nilipandisha hadi 37 nikidhani hesabu yote itabadilika. Ilibadilika Kd tu, nishati ikabaki palepale.

Sasa naitumia kupanga foleni. Nashughulika na RH5, protini ambayo kimelea cha malaria hutumia kushika basigin kwenye chembe nyekundu za damu (chanjo yake imeshajaribiwa Bagamoyo). Nikiwa na kingamwili kadhaa zinazogombea RH5, naipa zote, nachukua tatu za juu, namba zenyewe sizinakili popote.

Kuna pia toleo la Python la kuweka kwenye mashine yako. Juzi umeme ulikatika tangu asubuhi, intaneti nayo ikaondoka. Nilipitisha jozi 12 kwa betri, na betri ilikuwa imebaki asilimia 40.