Taa za simba za sola: nimezifunga bomani huku Kitengela, maoni yangu ndio haya

Watu wa huku Kitengela na Isinya wamenijaza inboksi wakiuliza kama hizi taa za kumetameta za kufukuza simba bomani zinafanya kazi kweli ama ni biashara tu ya mafundi, sasa wacha niandike mara moja tumalizane. Kwa simba, usiku, zinafanya. Hayo mengine yana maneno kidogo.

Kwa wasiojua, hii kitu ilianzia hapa hapa kando ya Nairobi National Park. Richard Turere, kijana wa Kimaasai, alikuwa bado mtoto akilinda ng'ombe za babake, akajaribu moto ikawa ni kama anamsaidia simba kuona zizi, akasimamisha sanamu, siku ya kwanza simba akageuka, ya pili akaizoea, mpaka akagundua kitu simba hataki ni tochi inayotembea. Ndio akaunganisha betri ya gari, kiboksi cha indiketa ya pikipiki, paneli ya sola na balbu za tochi mbovu, zikawa zinawaka kwa zamu kama mtu anazunguka boma. 2013 akaalikwa kwa jukwaa la TED Marekani, ile mikutano ya watu kueleza mawazo mapya, akaeleza hayo yote.

Zangu sio zake, ni za fundi mmoja wa huku ambaye jina nitaliacha. Kazi ya kufunga ni safi sijui niseme nini, balbu zote zinaangalia nje (zikiangalia ndani mbuzi hawalali), waya zimepita juu mahali beberu hafiki kutafuna. Kuna usiku mbwa walibweka mpaka wakakauka sauti, asubuhi nikatoka kuangalia, nyayo za simba zimekuja moja kwa moja kutoka korongoni, zikafika pale mwanga unaanza kuonekana kwa nyasi, zikakata kona. Hapo nilisema pesa yangu imelipa.

Sasa betri. Wageni wanadhani simba anasumbua kiangazi, hapana, huku ni mvua. Mvua ikinyesha nyumbu na punda milia wanatoka parki, maana upande wa kusini hauna fensi, wanafuata nyasi mpya huku mbugani Kaputiei na simba yuko nyuma yao, na zile njia zao za zamani siku hizi ni ploti, seng'enge, mabati na maghorofa, kwa hivyo kabla hajamfikia nyumbu ashapita mlangoni kwa watu watano. Na mvua ni mawingu, na mawingu ni sola haichaji! Betri ndogo niliyowekewa ilikuwa inakata alfajiri, saa ile mbaya kabisa, nikimpigia fundi ananiambia "nifute vumbi kwa paneli", vumbi gani na mvua imenyesha wiki nzima? Nilinunua kubwa kwa pesa yangu na tangu hapo zinawaka mpaka kunakucha. Mtu akiuza taa za simba bila kufikiria msimu wa mvua basi anauza mapambo ya Krismasi.

Fisi ni story ingine, huyo seng'enge nzuri na mlango mzito ndio dawa, taa peke yake sitamdanganya mtu.

Halafu kuna hii ya majirani. Simba akikatazwa kwako hajashiba, ameenda tu mbele. Mama wa boma la pili alinisimamisha njiani akaniambia, "Jirani, hizo taa zako zinamleta simba kwangu," na sikuwa na jibu. Utafiti wa maboma ya kuzunguka parki uliochapishwa 2018 ulipata vilevile, usiku watu wenye taa wanapumua, simba anageukia wasio nazo, na mashambulizi mengine yanahamia mchana malishoni ambako taa haikusaidii chochote. Na watu wakichoka wanachukua mikuki, Juni 2012 simba sita waliuawa hapa Kitengela siku moja kwa sababu ya mbuzi. Kwa hivyo mimi na huyo mama na boma la tatu tumeshaongea na fundi atufanyie bei ya pamoja, amekubali kupunguza.

Nyota nne kwa taa, mbili kwa betri. Ukiagiza, mwambie akuonyeshe betri kabla hujatuma M-Pesa, na umuulize inakaa usiku mangapi bila jua. Akianza kuzungukazunguka, tafuta mwingine.