Theluji ya Derbyshire: jumba la mashambani, spa, na mamangu kutoka Wete, Pemba

Ukiwa na mzazi aliyekuja Uingereza majira ya baridi, na tangu afike habanduki kwenye kochi, kajifunika blanketi mbili na kazi yake kuuliza jua linatoka lini, mtoe ndani ya nyumba. Mimi nilimchukua mamangu kutoka Leicester, nikampeleka hoteli yenye spa kwenye vilima vya Derbyshire katikati ya Januari, theluji ikiwa bado iko chini. Tulifika Jumamosi mchana tukaondoka Jumatatu asubuhi. Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo kabla ya kulipa, sikuona aliyejibu maswali yetu sisi: bwawa ni la wanaume na wanawake pamoja? Nyama ni halali? Mtu mzima mwenye presha aingie wapi na asiingie wapi?

Jina la hoteli silitaji. Yaliyonikera nimeshawaandikia wenyewe, na mengi nitakayoyasema utayakuta karibu kila hoteli ya aina hii.

Ni jumba la mawe la karne ya 19, ndani ya hifadhi ya Peak District, ambayo ndiyo ya kwanza kutangazwa Uingereza, mwaka 1951. Ukiingia unapokewa na ukumbi wenye meko kubwa ya kuni, mazulia mazito, na ngazi ya mbao inayolia kila ukikanyaga. Aliyelijenga alitajirika kwa pamba. Huko Derbyshire ndiko Richard Arkwright alikoanzisha kinu cha kusokota pamba kwa nguvu za maji, pale Cromford mwaka 1771, na baadaye bonde zima la mto Derwent likajaa vinu. Picha ya mwenye jumba imetundikwa ukumbini na maelezo ya mali yake chini. Mama alitaka nimsomee, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo pamba ililimwa wapi? Maana huku hata mchaichai hauoti." Nikamuuliza kijana wa mapokezi. Alijibu bila kuzunguka kwamba nyingi ilitoka Marekani na ililimwa na watumwa. Nimewaomba wayaandike hayo pale pale chini ya picha. Mgeni asilazimike kuuliza.

Sasa chumba. Kilikuwa kizuri kwa macho: dari refu, kitanda cha kupandia, dirisha kubwa la vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa na madini ya risasi. Lakini kilikuwa cha baridi, tena baridi ya kweli. Nje ilikuwa nyuzi 3 chini ya sifuri na upepo ulikuwa unapenya kwenye dirisha lile mpaka pazia linatikisika. Majumba ya namna hii yamo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, na mwenyewe hawezi kung'oa dirisha akaweka la vioo viwili mpaka apate kibali, na kibali hakipatikani kirahisi. Hilo nalielewa. Nisiloelewa ni kwa nini chumba kama hicho anapewa mama wa miaka sabini na kitu, wakati nilipoweka nafasi nilieleza umri wake na magoti yake. Nilipiga simu chini, wakaleta hita ya umeme na mipira miwili ya maji ya moto iliyovishwa sufi. Mama akaukumbatia mmoja akalala nao. Usiku wa pili wakatuhamishia mazizi ya zamani ya farasi, yaliyogeuzwa vyumba, na huko joto lilitoka sakafuni usiku kucha. Udhu wa alfajiri ukawa mwepesi.

Kwenye spa ndiko kwenye mambo. Kabla ya kuingia mnajaza fomu ya afya. Ijazeni kwa ukweli. Mama ana presha na anameza vidonge kila siku, niliandika hivyo, na mhudumu akaja kutuuliza vizuri: vidonge gani, presha imepimwa lini, anapata kizunguzungu? Akasema sauna hapana, kwa sababu joto lake linafika nyuzi 80 na zaidi, na chumba cha mvuke vilevile asiingie. Bwawa la ndani ruhusa, na beseni la maji moto la nje dakika chache tu na mtu kando yake. Nilifurahi sana kuona wanajali, maana nimeona kwingine fomu inatiwa kwenye faili bila kusomwa.

Wanaume na wanawake huingia pamoja. Huku Uingereza watu wanavaa nguo za kuogelea hata ndani ya sauna, kwa hiyo hamtakutana na uchi. Nawaambia hasa mnaoishi Ujerumani, ambako sauna desturi yake ni kuvua kila kitu. Burkini, vazi la kuogelea linalositiri mwili, haikumshangaza mtu yeyote. Vyumba vya kubadilishia vina milango inayofungwa kwa ndani. Majoho ya taulo ndiyo yana kasoro: ni mafupi, yanaishia magotini, na watu wanatembea nayo mpaka kwenye mkahawa wa spa. Chukueni dera lenu na mtandio mwepesi, mvae juu yake.

Jumamosi jioni palijaa. Palikuwa na kundi la wasichana wa harusi na chupa zao za mvinyo kando ya bwawa, kelele, na viti vya kulalia vyote vimewekewa taulo. Mama alikaa dakika chache akaomba turudi chumbani. Kama mnakwenda kwa utulivu, Jumamosi iacheni.

Wiki moja kabla nilikuwa nimepiga simu kuuliza kama kuna saa ya wanawake peke yao. Hawana. Lakini dada aliyepokea aliniambia spa hufunguliwa saa mbili asubuhi, na kama tunaweza kuamka mapema, yeye Jumapili atakuwa zamu tangu saa moja na atatufungulia, mwokozi wa bwawa siku hiyo akiwa ni yeye mwenyewe. Hakuomba nyongeza ya pesa. Januari huku alfajiri inaingia baada ya saa kumi na mbili na jua halitoki mpaka saa mbili na dakika kumi hivi, kwa hiyo tuliswali kwa nafasi, tukavaa makoti juu ya burkini tukateremka. Bwawa lote letu. Taa zimepunguzwa, ukuta mmoja ni wa kioo kutoka chini mpaka juu, na nje theluji inaanza kuonekana kidogo kidogo kadiri giza linavyopungua. Mama alivua kofia ya burkini, nywele zake za mvi zikatanda juu ya maji. Amekulia Wete, anaelea bila kushika kitu. Alikunja goti la kulia, akalinyoosha, akalikunja tena, kisha akaniambia, "Mwanangu, hili goti tangu Desemba halijakunjika hivi." Maji yalikuwa nyuzi 30 na kitu, na mwili unapobebwa na maji uzito hauendi kwenye magoti. Hata wataalamu wa mazoezi ya viungo hutumia mabwawa ya maji ya vuguvugu kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Kwangu mimi saa ile moja ilitosha kulipia safari nzima.

Tulikuwa pia tumelipia huduma ya kusuguliwa mwili kwa chumvi ya bahari na mafuta, dakika 50, pauni 75. Hapa msikilizeni mamangu, maana amewasinga maharusi wa Wete tangu mimi sijazaliwa. Singo kwake ni ya waridi, asumini, mlangilangi, liwa na karafuu, inasagwa, inalowekwa kwa marashi, inapakwa, inaachwa ikauke kidogo, kisha inasuguliwa mpaka nongo itoke kwa vipande. Msichana wa spa alikuwa na adabu na mikono misafi, alimfunika kila sehemu asiyoishughulikia, na alikuwa mwanamke kama tulivyoomba. Lakini chumvi ndani ya mafuta haikauki. Inateleza, inayeyuka, inaoshwa. Mama alipotoka alijipitisha kidole kwenye mkono akanionyesha: ngozi laini, inanukia, nongo iko pale pale. Na kwenye miguu, ambako ngozi yake ni nyembamba, chumvi ilimwasha. Uamuzi wake ni kwamba pesa hiyo ni bora kukandwa mabega na mgongo, na mimi nilichagua hilo na sijuti. Nilitoka nimelegea, nikalala mchana mpaka karibu nikapitwa na adhuhuri.

Na hapo pana jambo la kupanga. Siku ni fupi kupita kiasi. Adhuhuri kama saa sita na robo, alasiri saa nane, magharibi saa kumi na robo. Wao wanapenda kuwapa wageni nafasi ya spa ya saa nane mpaka saa kumi, na ukiikubali utatoka bwawani kuswali na kurudi bwawani huku unaangalia saa. Ombeni ya saa nne asubuhi. Kibla ni kusini mashariki.

Chakula ndicho kilichonisononesha. Nilipoweka nafasi niliahidiwa kuku halali, kwa maandishi. Tulipokaa mezani, mhudumu hakujua lolote, na jikoni hawakuwa na kuku huyo. Mpishi alitoka mwenyewe kuomba radhi, akatupikia samaki wa mtoni wa kule kule, trauti, kwa siagi na ndimu, na viazi. Samaki alikuwa mtamu, siwezi kumnyima haki yake. Ila mama alikula akiwa na wasiwasi mpaka mwisho, na wasiwasi mezani unaharibu hata chakula kizuri. Ulizeni mchuzi mmoja mmoja, maana mingi hutiwa mvinyo, na vitamu vya baridi mara nyingi vina jelatini. Chai ya alasiri haina tabu: skonzi za moto, jamu, malai mazito, na vijisandwichi vya tango. Mama aliomba maziwa yachemshwe na majani pamoja, na walimchemshia.

Jumatatu tulirudi kwa kupitia Buxton, mji ulio juu, kama mita 300 kutoka usawa wa bahari. Hapo pana chemchemi ambayo maji yake hutoka ardhini yakiwa na nyuzi 27 mwaka mzima, theluji iwepo isiwepo. Warumi waliyajua wakaita mahali hapo Aquae Arnemetiae. Mbele ya jengo la nusu duara lililojengwa na John Carr kwa ajili ya Duke wa Devonshire, mwinyi mkubwa wa huko, miaka ya 1780, kuna bomba la bure liitwalo St Ann's Well, na wenyeji wanapanga foleni na madumu yao. Tulijaza chupa. Mama aliyaonja, akasema hayana ladha ya chumvi wala ya bomba, akajaza na ya pili.

Tulilipa pauni 460 kwa watu wawili, siku mbili, pamoja na chakula cha asubuhi, chakula cha jioni mara moja, na spa. Huduma za mikono mbali. Ni pesa nyingi, na usiku wa Jumamosi peke yake ulikuwa karibu theluthi mbili yake. Nikirudi nitachukua Jumapili na Jumatatu. Wanaotoka Manchester au Sheffield waangalie habari za barabara kabla ya kuondoka, kwani njia ya mlimani ya Snake Pass hufungwa theluji ikizidi. Kuku halali, pelekeni barua pepe siku mbili kabla na mtake jibu la mpishi mwenyewe, siyo la mapokezi. Saa ya wanawake ombeni kwa simu, kwa sauti ya upole, mapema. Na chumba ni cha mazizi ya zamani, ghorofa ya chini, hata wakikwambieni cha jumba kubwa kina mandhari zaidi.