Msimu wa Bulabo, Bujora: nendeni siku ambayo wakubwa wameshaondoka

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeinyima kwa sababu ya spika, nitafika huko.

Kwa asiyejua, Bulabo ni tamasha la ngoma la Wasukuma. Linafanyika Bujora, pale Kisesa, wilaya ya Magu, kama kilomita 20 hivi kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Linafunguliwa na Sikukuu ya Ekaristi, ile ya Mwili na Damu ya Kristo, kwa hiyo tarehe inafuata Pasaka na haigandi. Mara nyingi inaangukia Juni. Misa ikiisha na maandamano yakipita, ngoma zinaanza na kuendelea karibu wiki mbili. Na watu wa huku hawaishii hapo. Juni mavuno yameshaingia ndani, pamba inauzwa, mfukoni kuna kitu na shambani hakuna haraka. Kutoka Bulabo ngoma zinaingia Sabasaba, zinafika Nanenane, kijiji kwa kijiji. Ndiyo maana nasema msimu. Ukikosa wiki ya kwanza hujakosa kitu, na mimi nitakushauri uikose kwa makusudi.

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Magu. Ngoma nimezikulia, lakini kwetu ngoma inakuja kwa shughuli: kuna harusi, kuna unyago, kuna maulidi. Huku ngoma inakuja kushindana. Hilo lilinichukua muda kulielewa, na mgeni asipolielewa atasimama juani anatazama watu wanarusha majembe, kisha atarudi mjini akisema ni pazuri ila panachosha.

Mambo yako hivi. Wacheza ngoma wa Usukuma wamegawanyika pande mbili tangu karne ya 19: Bagika na Bagalu. Wanasimulia kwamba asili yake ni waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali zaidi, na wakakata shauri kwamba ubishi utaamuliwa na ngoma: atakayevuta watu wengi ndiye mwenye dawa. Mpaka leo ndivyo inavyokwenda. Vikundi viwili vinaingia uwanjani wakati mmoja, huyu kule na huyu huku, na kila kimoja kinapiga ngoma zake kama vile mwenzake hayupo. Hakuna anayesubiri zamu. Watu wakikukimbia wakaenda upande wa pili, umeshindwa, na hakuna wa kumlilia.

Kwa hiyo wewe mtazamaji ndiye kura. Miguu yako inahesabiwa. Hili ndilo lililonifanya nirudi, kwa sababu sijui tamasha jingine hapa nchini ambalo mtu aliyekuja na mtoto mgongoni na mfuko wa karanga ana nguvu kiasi hicho.

Nieleze jioni moja tu. Upande wa kushoto walikuwa wacheza bugobogobo, ngoma ya jembe, iliyotokana na vikundi vya kulima kwa pamoja. Ngoma kubwa zimesimamishwa, wapigaji wanatoka jasho mpaka kiunoni, njuga miguuni. Kijana anachukua jembe la mpini mrefu, analizungusha kiganjani, analirusha juu, analidaka nyuma ya mgongo huku hajapoteza hatua hata moja. Wanawake wanapiga vigelegele. Tumejaa upande huo, mimi, wifi yangu na watoto, wala hatuna habari na wale wengine.

Mara upande wa kulia wakafungua gunia. Hawakutangaza chochote. Mchezaji mmoja akaingiza mkono taratibu, akatoa chatu, mnene kama paja, akamvisha shingoni. Ngoma ikashuka, ikabaki inanong'ona. Watoto wakapiga kelele wakarudi nyuma, halafu, kama walivyo watoto, wakakimbilia mbele. Nikaona uwanja unainama. Sina namna nyingine ya kusema: watu mia mbili au zaidi waliinuka wakahama, na wale wa jembe wakabaki na safu moja ya wazee waliokaa kwenye vigoda vyao.

Sasa hapo ndipo utamjua manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kikundi cha ngoma. Manju wa bugobogobo, mwanamume wa makamo, hakukasirika wala hakuongeza kelele. Alisimamisha ngoma zote. Akaanza kuimba peke yake, polepole, maneno anayatunga palepale. Wifi alikuwa ananitafsiria huku akicheka hadi machozi: anasema wenzetu wameleta nyoka kwa sababu sura zao hazitoshi, anasema nyoka hana miguu, atawachezea nini, anasema kuna mtu mmoja pale amevaa shati jekundu, mkewe yuko huku kwetu, aje amchukue. Na kweli mtu wa shati jekundu alikuwepo. Watu walianza kurudi kuja kusikia nani anafuata kutajwa. Mpaka jua linazama sikujua nani alishinda, na wifi na mume wangu bado hawajakubaliana.

Angalizo kwa wenye roho nyepesi: wanyama wapo. Ngoma za Wasukuma zimesifika miaka mingi kwa kuingiza uwanjani chatu, nungunungu, hata fisi. Fisi sikumwona, na sikusikitika. Yule chatu nilimtazama, nikastaajabu, lakini alipovutwa mara ya tatu mchana wa joto nilijisikia vibaya kwa niaba yake. Wengine wataniambia hayo ni mambo ya kabila na mimi ni mgeni. Sawa. Mimi nasema nilichokiona.

Ukichoka na vishindo, tafuta wigashe. Hii inachezwa watu wamekaa. Vijana wamejipanga mstari kwenye mabenchi, wanaume kwa wanawake, wanacheza kwa mabega, mikono na shingo, wote pamoja bila kupishana hata kidogo, huku wanaimba. Hawavuti watu wengi kama wenye nyoka, kwa hiyo utapata nafasi ya mbele. Binafsi ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Wimbo unasikika neno kwa neno, na nyimbo zao ni za mambo ya leo: bei ya pamba, mikopo ya simu, binti aliyekwenda mjini akasahau kwao.

Je, mgeni anacheza? Anacheza. Hakuna atakayekuomba ruhusa. Nimesimama na simu yangu narekodi, mama mmoja akanishika kiwiko akaniingiza ndani, akanionesha hatua moja, akaniacha humo. Ukimwona mchezaji amekufurahisha, mtuze: ingia uwanjani umpe noti mkononi au umbandike pajini, kisha utoke huku unacheza. Kutoa hela ukiwa umesimama nje kama unalipa nauli kunachekesha watu. Beba noti ndogondogo, maana mawakala wa hela za simu walikuwa na foleni isiyokwisha.

Tuje kwenye hadithi, ambako ndiko nilikuwa na matumaini makubwa na ndiko tamasha liliponiangusha. Wasukuma wana kitu kinaitwa shikome, moto wa jioni uani ambapo wazee walikaa na vijana wakafundishwa mambo ya ukoo, vitendawili na hadithi. Nikadhani usiku wa Bulabo utakuwa na moto wa namna hiyo. Moto ulikuwepo, mzee alikuwepo, lakini hatua hamsini kutoka pale kulikuwa na banda la biashara lenye spika mbili kubwa kama kabati, zinapiga muziki wa disko kuuza bidhaa. Mzee anasema, sisi tunaona midomo. Tuliomba wapunguze, wakapunguza kwa muda wa wimbo mmoja. Waandaaji mkisoma hapa: mabanda hayo yanalipa, naelewa, lakini yawekeni kule barabarani. Nyota yangu iko hapo, njooni muichukue.

Hadithi niliipata siku nyingine, nyumbani kwa mama mkwe, kwa sababu nililalamika mpaka akachoka. "Mkamwana, hadithi hainunuliwi kwa tiketi," akasema, "vuta kigoda." Akatupa ile ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na ng'ombe wote wa nchi, akabaki mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha kwenye makapi. Akajifungua Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akauliza watu wako wapi, akaambiwa wamemezwa. Basi kila akiua kitu, kuanzia panzi, anakuja mbio anaimba kwamba amemuua Shing'weng'we, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba bado, mwanangu, huyo siye. Utamu uko hapo, maana sisi wasikilizaji ndio tunaoimba sehemu ya mama. Panzi, bado. Ndege, bado. Swala, bado. Watoto wanajua jibu na bado wanasubiri kwa hamu kulisema. Mwisho anamuua zimwi lenyewe, anampasua, watu wanatoka na ng'ombe wao, na kwa bahati mbaya kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja, ambaye badala ya kushukuru anaanza kupanga kulipa kisasi. Mama mkwe alimwigiza huyo bibi kwa sauti ambayo nadhani ni ya jirani yetu fulani. Hamu ya hadithi ikikushika, usingoje ratiba. Ongea na watu wa Kisesa, salimia "mwadila" kwa adabu, utakaribishwa.

Asubuhi, kabla ngoma hazijapamba moto, pita kwenye Makumbusho ya Wasukuma, yako palepale kilimani. Yalianzishwa miaka ya 1950 na Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la White Fathers kutoka Kanada, ambaye ndiye pia aliyeiunganisha sikukuu ya kanisa na ngoma za wenyeji. Kuna ngoma za watemi na viti vya enzi, kuna nyumba ya msonge, kuna sehemu ya vikundi vya ngoma vyenyewe, na kanisa ni la mviringo. Kiongozi aliyetuzungusha alijua kazi yake, na alipoulizwa swali gumu kuhusu dawa za mvuto hakulikwepa. Hapo ndipo nilipoelewa ubishi wa Bagika na Bagalu. Ingekuwa bora nilipitie kabla ya kuona ngoma, basi wewe fanya hivyo.

Usafiri si tabu. Panda daladala za Kisesa kutoka mjini, zinapita Igoma, shuka Kisesa, kisha chukua bodaboda au panda kwa miguu, haizidi kilomita mbili. Siku za tamasha bodaboda wanajipandishia bei. Patana kabla hujakaa. Malazi ndiyo shida. Nyumba moja ya wageni tuliyowawekea ndugu zetu chumba kwa simu ilibadilisha bei walipofika na mabegi mkononi, ikabidi walale kwetu, wanane kwenye chumba cha watoto. Ukiweza lala Mwanza mjini uje asubuhi. Vyoo vya uwanjani vinatosha siku za kawaida, siku ya ufunguzi usivitegemee.

Chakula sina la kulalamika. Sato wa kukaanga na ugali, maziwa mgando, karanga za kuchemsha, na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo watu wa pwani tunavidharau mpaka tuvionje na chai. Vumbi la Juni ni kali, jua ni kali, na usiku kuna kijibaridi. Kofia, maji, kanga ya ziada. Kanga utaitumia kukalia, kufunika pua na kubebea mtoto aliyelala.

Sasa hiyo siku ya ufunguzi. Tangu Rais Samia aliposimikwa Kisesa Septemba 2021 kwa jina la Chifu Hangaya, macho ya nchi yameelekea huku zaidi, na hilo ni jema kwa Bujora. Lakini siku yenye wageni wakubwa ina mahema, viti vyenye vitambaa vyeupe, hotuba juu ya hotuba, na kila kikundi kinapewa dakika chache kipite mbele ya meza kuu kisha kitoke. Kwa maneno mengine, vikundi vinacheza kwa zamu, vikitazama upande mmoja, na mshindi hakuna. Ile kanuni ya Ngika na Gumha imewekwa kando. Utapiga picha nzuri, mavazi yote utayaona. Bugobogobo ya dakika tano mbele ya hema, hata hivyo, ni mazoezi ya viungo tu, kwa sababu hakuna mtu wa kuwaibia watazamaji.

Ushauri wangu: hesabu siku nne au tano baada ya ufunguzi, uliza Kisesa stendi leo nani anacheza na nani, fika saa nane mchana, usikae. Ukikaa umeshachagua upande.