Alamisho za mabaki ya vitenge: sindano sijagusa, gamu ya pasi imetosha

Ukipita kwa mafundi cherehani wa Soko la Majengo hapa Dodoma, karibu kila meza ina kiroba cha mabaki chini yake: vipande vya kitenge, ncha za khanga, mikanda iliyobaki baada ya gauni kukatwa. Vingi huishia kwenye takataka au kuchomwa moto, na mimi naona ni mali inayopotea. Ukiomba kwa adabu unapewa bure. Mama mmoja ninayemchukulia mara kwa mara hunijibu hivi: "Marahaba mwanangu, chukua, ila usinichanganyie na vitambaa vya wateja." Navichambua pale pale, naondoka na vya kutosha alamisho nyingi, yaani vile vipande vya kuweka kitabuni kuonyesha ulipoishia kusoma.

Nimejaribu njia zote za kuunganisha bila kushona, na ninayoipendekeza kwa moyo wote ni gamu ya pasi, kitambaa chenye gundi inayoyeyuka kwa moto wa pasi, ile ile ambayo fundi anaiweka kwenye kola ya shati. Gundi nyeupe ya shule nimeachana nayo kwenye kazi hii. Inalowesha kitambaa, na kikiwa chepesi inapenya hadi upande wa mbele na kuacha doa gumu linalong'aa. Hewa yetu nayo ni kavu: kuanzia Juni upepo ukianza kuvuma, gundi inakauka pembeni kabla hujamaliza kuilainisha katikati, na vumbi jekundu linaganda juu yake. Pasi haina usumbufu huo.

Gamu ninazotumia ni mbili. Ya kwanza ni gamu ngumu ya kola, yenye gundi upande mmoja. Hii ndiyo inayoipa alamisho uti wa mgongo ili isijikunje ndani ya kitabu. Ya pili ni nyembamba mno, imekaa kama utando wa buibui na inashika pande zote mbili, na ndiyo inayounganisha kitambaa cha mbele na cha nyuma. Ya kwanza inapatikana kwenye maduka mengi ya vifaa vya ushonaji mjini. Ya pili inabidi kuiulizia, na si kila muuzaji anaielewa, hivyo ni bora umwonyeshe kipande. Gamu ngumu ninakonunua mita moja haifiki shilingi 5,000, na mita hiyo inatoa alamisho nyingi kuliko vitabu vilivyomo nyumbani kwangu.

Kabla hujalipa, kunjua gamu na uielekeze kwenye mwanga. Upande wenye gundi unametameta na ukiupapasa unakwaruza, kama umenyunyiziwa chumvi. Kuna duka liliwahi kuniuzia gamu iliyokaa rafuni mpaka chembe zake zikawa zinapukutika zenyewe. Ilishika kwa dakika chache, ikaachia. Tangu hapo napapasa kwanza, ndipo natoa hela.

Kitambaa nacho kina masharti yake. Pamba ndiyo inayofaa. Ukitaka kuijua, chomoa uzi mmoja uuwashe: wa pamba unanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, wa nailoni au poliesta unayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Msimu wa sare za shule viroba hujaa vipande vya tetroni, kitambaa chenye poliesta, na hivyo huwa naviacha. Vinahitaji pasi ya moto mdogo ambao hautoshi kuyeyusha gamu sawasawa, na ukiongeza moto vinasinyaa. Jinzi pia sishauri, hata kama ni pamba. Ni nene, na inaukaza mgongo wa kitabu mpaka gundi ya jalada inaanza kuachia.

Kitenge kipya kifuliwe kwanza. Kinatoka kiwandani kikiwa na wanga unaokifanya kikauke na kung'aa, na juu ya wanga huo gamu haishiki vizuri. Kufua kunasaidia na jambo lingine kubwa zaidi, rangi. Khanga nyekundu au nyeusi ambayo bado inachuja ni hatari kwa kurasa. Huwa nakisugua kipande kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikiacha rangi, kinarudi kwenye beseni. Hili nalisisitiza hasa kwa anayesoma vitabu vya kuazima, maana Maktaba ya Mkoa haitakuelewa ukirudisha kitabu chenye michirizi ya zambarau.

Sasa utengenezaji wenyewe, na hapa kuna siri moja tu: bandika kwanza, kata baadaye. Chukua vipande viwili vikubwa kidogo kuliko alamisho unayoitaka. Kimoja kigeuze, weka gamu ngumu upande wa gundi ukitazama chini, funika kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kandamiza pasi ya moto wa pamba kwa sekunde 10 hadi 15. Usiiburute kama unanyoosha shati, kwa sababu gamu itahama na kujikunja. Inua, sogeza, kandamiza tena. Halafu tandika ile gamu nyembamba juu yake, kitambaa cha pili juu kabisa, na urudie. Hakikisha gamu nyembamba haichomozi nje, la sivyo itaganda kwenye pasi. Karatasi ya kuokea keki ukiiweka kati ya pasi na kitambaa inasaidia sana.

Kisha acha ipoe chini ya kitabu kizito. Gundi ya gamu inashika inapopoa, kwa hiyo ukikata ikiwa bado ya moto tabaka zinateleza. Ikishapoa, weka rula, chora sentimita 5 kwa 16, kata kwa mkasi mkali ambao hautumiki kukatia karatasi. Kwa kuwa nyuzi zote zimeshashikwa na gundi, ukingo unatoka mnyoofu na haufumuki. Alamisho zangu za mwanzo zimeingia na kutoka kwenye vitabu kwa muda mrefu, na kingo bado ziko vile vile. Aliye na mkasi wa meno apate uzuri wa ziada, ila si lazima.

Kuhusu umeme, hofu iondoke. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa mfululizo inakula nusu uniti ya LUKU, na kwa nusu saa unabandika kipande kikubwa cha kutoa alamisho kadhaa kwa mpigo. Pasi ya mkaa nayo inafanya kazi, mradi jivu lipulizwe nje kwanza na kitambaa cha kufunikia kisikosekane.

Ninazozipenda kuliko zote ni za khanga iliyochakaa. Imeshafuliwa miaka, haichuji tena, imelainika, na pindo lake lina urembo mdogo mdogo unaoenea vizuri kwenye upana wa sentimita 5, wakati maua makubwa ya kitenge mara nyingi yanakatika nusu. Ukikata pale penye jina la khanga unaweza kupata neno zima likisomeka kwa urefu wa alamisho. Nimewapa hizo wanafunzi wa sekondari jirani na kwetu Nkuhungu, waliozoea kukunja pembe za kurasa, na sasa wanakuja na vipande vyao wenyewe kuomba nafasi kwenye pasi.

Kasoro niliyoiona ni moja: haipendi kulowa na kukunjwa. Ikifuliwa kwa kusuguliwa, gamu ngumu inafanya vipovu. Ikichafuka, futa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, ikauke kivulini, kisha ikandamize tena kwa pasi. Gundi inayeyuka upya na vipovu vingi vinalala.